Nyuma ya Miwani Nyeusi

Kitale,
Septemba 2006

Dada yangu mpendwa Lenah,

Pokea salamu zangu nyingi, na ninaomba zikukute ukiwa mzima, wewe na shemeji na kijana wetu Wekoye. Je, mguu wa shemeji umepoa? Mimi huku sijambo. Mvua inanyesha kila alasiri, mahindi yamebeba vizuri, na baridi imehamia kwangu kabisa. Nyumba ya mtu mmoja haipati joto, Dada, hata jiko liwake mchana kutwa.

Uliniomba nikueleze yote kuhusu upasuaji wa macho kwa leza, kwa kuwa Wekoye amechoka na miwani na anataka kufanyiwa kama mimi. Nimekawia kukujibu, unisamehe. Nitaanza mwanzo, lakini kwanza ujue jambo ambalo sikumwambia hata daktari: sikwenda Nairobi kwa ajili ya macho peke yake. Joy alikuwa na zaidi ya mwaka bila kukanyaga nyumbani, na simu zake zilikuwa zimekuwa fupi kama za mtu anayepiga kwa simu ya jirani. Huyo ndiye mtoto niliye naye, sina mwingine wa kunipa joto. Basi niliposikia kwamba hospitali haikufanyii mpaka uje na mtu wa kukurudisha nyumbani, niliifurahia sheria hiyo kuliko macho yenyewe. Nikajiambia, sasa Joy atalazimika kunishika mkono.

Nilipofika Nairobi alikuja kunipokea Wangila, mume wake, peke yake. Alisimama mbali kidogo, akageuza uso pembeni kama inavyompasa mkwe mbele yangu, akasema, "Mama, Joy ako seminar Mombasa. Ati network ya huko ni mbaya." Unajua mila zetu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala mimi simtazami yeye, kwa hiyo kama uso wake ulisema jambo lingine, sikuuona. Nikasema sawa.

Sasa Wekoye asikilize. Kabla ya chochote watampima kwa mashine nyingi, hata unene wa kile kioo cha mbele cha jicho, kwa sababu kikiwa chembamba hawakigusi. Kama miwani yake bado inabadilishwa kila mwaka, watamwambia angoje mpaka macho yatulie, na asinune, maana hata mwanafunzi mmoja niliyemkuta pale alirudishwa nyumbani. Mimi nilikubaliwa, ila daktari alinionya kwamba kwa umri wangu nitaona mbali vizuri, lakini kusoma karibu kutataka miwani midogo. Ni kweli. Barua hii naiandika nimeivaa, na madaftari ya darasa langu nayasahihisha nayo, mimi niliyezoea kuvua miwani ili nisome.

Siku yenyewe hulazwi usingizi. Wanakutilia matone ya ganzi, halafu wanaweka kitu cha kushikilia kope ili usipepese. Hakuna maumivu, ila kuna wakati jicho linakandamizwa na giza linaingia, na hapo moyo unaruka hata kama walikuambia mapema. Ndipo wanafunua utando mwembamba wa juu, wanakwambia utazame taa ndogo nyekundu, na mashine inaanza kugonga taka-taka-taka. Utasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Wekoye asishtuke. Inakwisha upesi kuliko kukaanga yai. Muuguzi alinishika bega, akaniuliza nani wangu yuko nje. Nilisema ni binti yangu. Sijui kwa nini nilisema hivyo, lakini niliposema nilitamani sana iwe kweli.

Nilitoka naona ukungu mtupu, kama chumba chote kimejaa mvuke wa ugali, na machozi yananitiririka. Wangila alikuwa mlangoni. Hawezi kunigusa, nami siwezi kumshika. Tulisimama hapo wawili, watu wanapita, hakuna anayejua la kufanya. Mwishoni akauchukua mwavuli wangu, akashika ncha moja, akanipa mimi mpini. Akanitangulia hivyo mpaka kwenye teksi, ananiambia taratibu, "Mama, kuna ngazi. Mama, inama." Wanairobi walitucheka, lakini mimi sikucheka. Ni kijana mwema, Lenah, na nasema hivyo nikijua nitakayoyasema mbele.

Alinipeleka hosteli ya kanisa, kwa sababu mila hainiruhusu kulala nyumbani kwa mkwe. Matone ya dawa nilijitilia mwenyewe, nusu yakiingia jichoni na nusu yakinipita shavuni. Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko upasuaji. Kila tone nililolikosa nilimfikiria mtu ambaye angelitia bila kulikosa. Kesho yake nilienda kupimwa tena, na niliyaona majani ya mti ng'ambo ya barabara, moja moja. Sikuwa na wa kumwambia.

Mwambie Wekoye pia asisugue macho hata yakiwasha, asipitwe na matone, alale na vile vifuniko vya plastiki watakavyompa, na taa za magari zitamwonyesha duara kwa muda. Macho yatakuwa makavu kwa miezi kadhaa. Na kwa sababu ya jua na vumbi avae miwani nyeusi.

Ni hiyo miwani nyeusi niliyoivaa nilipokuja kwako Bungoma bila kukuarifu. Nilikuwa nimechoka kukaa peke yangu. Hapo penye mwisho wa miwa, kabla ya lango lako, nilisimama nifurahi kidogo, kwa sababu zamani, hata na ile miwani yangu iliyokwaruzika, kutoka hapo nyumba yako ilikuwa weupe tu wa mabati. Siku hiyo niliona kila kitu. Niliona kuku. Niliona kamba ya nguo, na msichana anaanika mashuka huku amebana vibanio kwa meno.

Lenah, nilimwona Joy. Niliona na tumbo lake, amekaribia kujifungua.

Naye aliniona. Lakini hakukimbia. Aliokota beseni, akaingia ndani polepole, kama mtu anayejua haonekani. Ninyi nyote mmezoea hivyo tangu zamani, mkitaka kunificha jambo mnasogea hatua chache tu, mkijua sioni mbali. Kisha wewe ukanipokea kwa furaha, ukanichinjia, mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, nami nilipomtaja Joy ukasema, "Ako sawa, si alinipigia juzi." Ukaniuliza kama macho yameanza kuona, nikakujibu bado ni ukungu. Nilikudanganya. Nilikunywa chai yako nikiutazama mlango ule, na machozi ukadhani ni ya dawa.

Siandiki ili tugombane. Nashukuru alipata pa kukimbilia, ingawa nililia njia nzima kwamba hapakuwa kwangu. Sijui kilichotokea kati yake na Wangila, na sitauliza mpaka ataje mwenyewe. Najua anaogopa nitamrudisha kwa mumewe kama akina mama wengine wanavyofanya. Mwambie sitamrudisha. Sikumwita siku ile kwa sababu alitaka sana nisimwone, na hilo ndilo jambo pekee aliloniomba mwaka huu, basi nikampa.

Nisalimie shemeji na Wekoye, uwasalimie na wa kanisani wote wanaonikumbuka. Halafu ufungue mlango wa chumba cha nyuma, umsalimie aliyemo, na huyo anayembeba umsalimie pia. Uwaambie kitanda kimetandikwa.

Ni mimi mdogo wako,
Nanyama