Mbunifu Mkuu wa Bembea ya Iguguno

Iguguno, Julai 5, 1975

Dada Luciana, shikamoo.

Huku tu wazima. Alizeti zimekauka vizuri, na mbuzi wako amezaa. Asali ya Itigi imefika, ingawa nadhani kondakta aliionja kwanza.

Ile bembea ya kuzunguka niliyowabunia watoto ilikuwa ya viti vinne. Mratibu wa sherehe za Saba Saba akaamuru viwe vinane, kisha akaandikisha kwenye ubao: "Mbunifu Mkuu: Ndugu Mratibu." Mimi nikawa "Msaidizi wa Misumari." Nilicheka, lakini iliniuma.

Jana tuliijaribu kwa magunia ya mahindi. Mhimili ukalia, ukaingia ufa.

"Ndugu Mratibu, hii itaua watoto," nikasema.

"Ndugu Zefania, wageni wameshaalikwa. Paka rangi hapo, uache woga wa kizee."

Leo asubuhi nimekuta ubao umeandikwa upya. Mbunifu Mkuu ni Zefania. Jina la Mratibu halipo hata kwenye misumari.

Dada, cheo nilichokitamani kimenifikia pamoja na lawama zake. Keshokutwa watoto wa shule watapanda, na mwanangu Selina kachaguliwa awe wa kwanza.

Nikiifunga barua hii naenda na msumeno kuukata mhimili. Wakiniuliza ni kwa amri ya nani, nitawaonyesha ubao. Wakinichukua, njoo umchukue Selina.

Ni mimi mdogo wako, mkubwa wa tangu asubuhi,
Zefania