Kishikwambi cha Kabatini

Malindi, Unguja
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta huko Maskati u mzima, na kile kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Bibi Kazija, ambalo humuuma akitakiwa kwenda kwa daktari tu.

Naandika kwa mkono kwa sababu ukipiga simu Shangazi Mayasa huiweka kwenye spika, jirani wote wakasikia, nami nikabaki kusema naam.

Uliposikia nimekuwa wa kwanza kwa biolojia ulisema kishikwambi ulichonitumia kimefanya kazi, na kwamba Idi hutakuja, ili pesa za tiketi uninunulie kikubwa zaidi.

Kishikwambi kimo kabatini, Baba. Siku kilipofika Shangazi alikiweka baina ya birika la kaure na vikombe vya harusi yake, akakifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Wageni wakija hufunuliwa, wakasema mashaallah, kikafunikwa tena. Plastiki yake haijabanduliwa. Mara moja niliomba nikitumie. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu akinywea vikombe vile.

Basi nikawa nasomea jikoni kwa Bibi. Kitabu ni cha Kiingereza, na Bibi hapokei neno asilolijua, kwa hiyo nilimweleza osmosisi, vile maji yanavyoifuata chumvi, kwa Kiswahili huku akizitia chumvi ndimu za achari. Akasema hakufahamu. Nikarudia. Akauliza maji yanatokaje na hakuna aliyezikamua. Sikujua, nikarudi kitabuni. Siku nne hivyo hivyo. Siku ya tano nilieleza bila kitabu, ndimu mkononi, kwa sauti, mimi ambaye darasani nikiulizwa hujificha nyuma ya mwenzangu. Nikamuuliza kama sasa amefahamu.

"Mie nshafahamu tangu juzi," akasema. "Nlikuwa nakungoja wewe."

Kwenye mtihani lilikuja swali la kiazi na maji ya chumvi. Mimi niliona ndimu tu.

Kwa hiyo sifa ulizokipa kishikwambi ni za mama yako. Nisamehe kwa kunyamaza. Niliona haya kukuvunja moyo, na kumchongea Shangazi. Tafadhali usinunue kingine. Kabati limejaa, lakini kwenye mkeka wa jikoni pana nafasi ya mtu mmoja. Njoo Idi.

Bibi anakusalimu sana. Shangazi pia, ameniuliza naandika nini, nimemwambia kazi ya shule. Chupa ya achari anayokuletea Bwana Fayaz pamoja na barua hii ndiyo zile ndimu. Ukila, ujue maji yake yametoka kama nilivyoeleza.

Mwanao akupendaye,
Salhiya