Yule Polisi wa Sinema Amerudi

Jumamosi usiku.

Basi yule polisi wa karate amerudi, sinema ya pili. Ya kwanza tuliona na kijana wetu Kevo, akacheka mpaka akamwaga chai. Leo nimeenda peke yangu kibanda cha video hapa mtaani Jericho. Watu wamecheka. Mimi nimekaa tu kama gunia.

Nikarudi nyumbani kumhadithia mama yake Kevo. Tangu tumzike kijana, haongei. Nikamwambia polisi ameangusha wezi kumi na teke moja, na hiyo teke ni mimi nilimfunza.

Akaniangalia. "Baba Kevo, wewe hata ngazi ya hii ploti tunakaa inakushinda."

Hiyo sauti ndio nilikuwa nangoja. Imekuja, na ndani yangu sikuhisi kitu.

Nikaongeza wezi wengine ishirini, asije akanyamaza tena.