Madaftari Mawili ya Latifu

Koboko, 3 Juni 2024

Mwanangu Shafiki,

Salamu nyingi. Baba yako Fadhul anakusalimia, ingawa sasa anasalimia kwa mkono tu. Dada yako Sumayah anakusalimia, mtoto wake anaota meno. Shangazi Shakirah anakusalimia, mguu bado unamsumbua. Jirani Keji naye amekukumbuka. Sisi tuko, lakini baba yako tumbo imekataa chakula. Wewe unakula? Arua iko baridi?

Nakuandikia karatasi, nampa dereva Moris, maana simu baba yako haiachii. Kila siku anauliza: katika hicho kitabu unachoandika cha ile reli ya zamani, vibarua walipokuwa wakisukuma vitoroli, jina la Latifu, babu yake, limepatikana? Anataka wazee wa ukoo walisikie, halafu wamzike pembeni ya kaburi lake. Jibu.

Mama yako, Rehemah

Arua, 6 Juni 2024

Asalaam aleikum, mama.

Ninakula, usihofu. Mpe baba pole. Nimepata madaftari mawili na yanapingana. La daktari linasema kitoroli kilimkandamiza Latifu huko Dadamu, akafa, Machi 1913. La kambi ya vibarua linasema aliitikia jina kila asubuhi hadi 1916. Tena baba yake baba alizaliwa 1915! Nadhani daktari alikosea. Ijumaa tarehe 14 wazee wa ukoo watakuja hapa niwasomee nilichopata. Je, kuna ulilowahi kusikia?

Mwanao, Shafiki

Koboko, 13 Juni 2024

Mwanangu,

Leo siwezi salamu ndefu. Karatasi yako imekaa kwangu siku tano, nimeanza hii mara tatu, nikachana.

Daktari hakukosea. Mama mkwe aliniambia akiwa anakata roho. Kambini, mwanamume asipoitikia, mke wake anafukuzwa siku hiyo hiyo. Basi karani akaita Latifu, na rafiki yake Laku, mtu wa upande wa Sudan, si mwislamu, akasema, "Nipo." Kesho yake tena. Laku akarudi Koboko na jina hilo na mke wa Latifu, ukoo ukampokea kama Latifu. Babu yako ni mtoto wa Laku. Miaka thelathini nimenyamaza.

Wazee wakijua kwamba baba yako si damu yao, atazikwa wapi? Jana Shakirah alimtania, "Wewe unachagua kaburi kama mtu anachagua kitanda!" Akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka.

Siwezi kukuambia udanganye, ni mimi nilikupeleka shule. Lakini kama hujawasomea, ngoja kwanza. Kama umesoma, mwanangu, tuma neno haraka, leo leo, nimwambie mimi, asisikie kwa watu.

Mama yako