Kisiki cha Pilipili Dirishani

Jumanne, Januari

Eti nimemnyima mume hita nikampa kisiki. Ndiyo, na hita niliinunua mimi. Dirishani kwenye pilipili ni nyuzi sitini na tano za Farenhaiti. Upande wake wa kitanda hamsini na nane. Pilipili haivai soksi.

"Mama Neema, huo mti ulishakufa," ananiambia. "Uliukata mwenyewe."

Niliukata ili upumzike hadi baridi ipite. Lakini leo niliogopa kweli. Hauna hata jani, mbegu za nyumbani zimeisha, na pilipili za dukani hapa Adelphi, Marekani, ni wekundu tu, hazimwashi hata mtoto.

Nikaukwaruza kwa ukucha. Chini ya gome, kijani kibichi.

Nikamwita aone. Akainama, akautazama, akaguna, kisha akaenda kutafuta soksi nyingine.