Shingo ya Twiga

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimevaa ovaroli safi. Mke wangu kauliza, nani kafa? Hakufa mtu. Leo shemeji kaja kumchukua Twiga wake!

Nijisifu kidogo, hapa hakuna wa kuninunia. Pikipiki nzuri nimeziona nyingi, maana nimetembea dunia mimi, nimechomelea vyuma kwenye meli ya mizigo na bandari nimezikanyaga. Lakini kama Twiga sijaona. Fremu nimeikunja mwenyewe kwa mabomba ya maji. Injini imetoka kwenye pikipiki iliyogongwa na lori. Kiti kiko chini kama kochi, na foku za mbele, zile fimbo mbili zinazoshika gurudumu, ni ndefu, zimechomoza kwenda kule, gurudumu linafika kabla ya dereva! Gia, klachi, breki — vyote mkononi. Hakuna cha kukanyaga. Kwa sababu shemeji, mume wa mdogo wangu, mguu wake wa kulia aliuacha kwenye kiwanda cha mbao.

Tangu siku ile amekuwa mtu wa kochi na remoti. Anabebwa, anasogezewa, anaambiwa pole mpaka na watoto. Leo kapanda mwenyewe. Kawasha mwenyewe. Kazunguka uwanja wa shule, karudi machozi yanamtoka, anasema ni vumbi. Vumbi! Na mimi likaniingia hilohilo.

Jumapili ni maonyesho yetu, pikipiki za kujitengenezea, kule uwanja wa juu. Zote zitateremka ule mlima mpaka sokoni, na wa kwanza mbele ni Twiga. Nimeshaongea na mtangazaji. Mafundi wa mji huu watakula vumbi langu na kushukuru.

Jumanne, 3 Juni

Muuza maziwa kaja na Punda wake. Punda nilimtengeneza mimi mwaka jana, shingo ndefu vilevile, yaani lile bomba la mbele linaloshika foku, ila nyuma ana jukwaa la kubebea madumu. Akasema, "Fundi, Punda anatikisa kichwa. Nikianza kuteremka tu anakataa, hapana, hapana, hapana." Nikamwambia Punda anakataa yale maji unayotia kwenye maziwa. Tukacheka. Nikainama kuangalia.

Nikaacha kucheka.

Pale shingo inapoungana na bomba la juu, rangi imepasuka. Mstari mwembamba kama unywele, una kutu. Nikaukwangua kwa kucha. Puti, ule udongo wa kulainishia chuma kabla ya rangi, ikadondoka. Chini ya puti — ufa! Umezunguka karibu nusu ya bomba. Huyu bwana kila alfajiri anateremka na nusu bomba na anaimba.

Sababu naijua. Ndiyo maana nimekosa hata hamu ya chai. Weldi ikipoa inabaki na uvimbe. Ule uvimbe ndio nyama yake, ndio unaoshika. Mafundi wengine wanauacha, weldi zao zinafanana na kinyesi cha mbuzi kilichopangwa foleni, na mimi nawacheka hadharani. Mimi nasaga. Napitisha grenda mpaka bomba na bomba vinakuwa kitu kimoja, laini kama shavu la mtoto, juu napaka puti, juu yake rangi. Mtu anapapasa anauliza, "Injinia, umeunga wapi hapa?" Swali hilo ni tamu kuliko soda ya baridi.

Punda nilimsaga. Twiga nilimsaga zaidi. Kwa sababu ni wa shemeji.

Punda nimembakiza gereji. Muuza maziwa kaondoka na baiskeli yangu, madumu yanamgonga magoti.

Jumatano, 4 Juni

Usingizi hakuna.

Nikisema Twiga ni mpya bado, hajachoka, moyo unatulia. Halafu nakumbuka shingo yake ni ndefu kuliko ya Punda. Halafu nasema shemeji ni mwepesi, ana mguu pungufu. Nikacheka peke yangu kitandani, nikaona aibu peke yangu. Mke wangu kauliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka mambo ya bandarini. Bandarini nilikaa muda mrefu, uongo wa huko hauniishii.

Nimempigia shemeji. "Shem, mlete Twiga kidogo nimkaze boliti." Kasema boliti kazikaza mwenyewe, spana anazo, na sasa hivi hana nafasi, anampeleka mkewe kwenye cherehani.

Kampakia! Mdogo wangu! Nyuma!

Nimekata simu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimewafuata kwa siri. Siri gani! Pikipiki iliyokuwa tayari ni Kitanda — ile niliyoiunga kwa vyuma vya kitanda changu cha ukapera, ubao wa kichwani ndio wa kuegemea, na bomba la moshi liko wazi. Ikiwaka, mbwa wanahama mtaa. Nikajibana nyuma ya lori la mchanga. Mama muuza nyanya akapiga kelele, "Injinia, leo unakwenda kulala kwa nani?" Barabara nzima ikageuka. Na shemeji kageuka. Kanipungia mkono. Kwenye kona, kaachia mkono mmoja! Roho ilitoka ikatembea kidogo ikarudi.

Sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa naangalia ile shingo. Kila shimo, gurudumu la mbele linaitikia, shingo inanyumbuka kidogo. Kidogo tu. Labda ni macho. Mdogo wangu kamshika mumewe kiunoni, kitambaa cha kichwa kinapepea, anacheka kama alivyokuwa akicheka zamani kabla ya msumeno. Sasa mimi niende nikaizime ile sauti? Kwa mstari ambao sijauona?

Jioni nimepita kwao. Wakiwa ndani wanakula, nimechomoa plagi ya Twiga, nimetia mfukoni. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mwizi wa kuku. Mtu mzima mimi, baba wa watoto.

Ijumaa, 6 Juni

Mdogo wangu kaja gereji. Hakusalimia. Kanyoosha kiganja.

"Kaka, lete."

"Nilete nini?"

"Lete plagi."

Nikamuuliza nani kasema ninayo. Akasema fundi mwingine angeiba injini nzima, wa kuiba plagi na kuacha mlango wa banda umefungwa vizuri ni wewe tu. Hapo nilitaka kumsifu kwa akili. Lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akasema mumewe toka asubuhi kakaa uani na spana mkononi, hakunywa hata chai. Hakuona kilichokosekana mpaka yeye alipoinama. Na alipokuwa hajajua, alimwambia mkewe hivi: "Basi hata pikipiki imenichoka."

Nimempa plagi. Nikafungua mdomo nimwambie yote. Kilichotoka ni, "Nilikuwa naipeleka plagi kwa daktari wa meno."

Hakucheka. Akasema, "Siku utakayoongea bila kuchekesha, niite hata kama nimelala."

Mjinga mimi. Mjinga mwenye ulimi mrefu kuliko foku za Twiga.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeenda. Nimevaa shati. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango, shemeji kwenye kigoda, mdogo wangu kasimama nyuma yetu. Nikasema, "Shem, shingo ya Twiga inaweza kukatika."

Akatabasamu. "Enhe. Halafu?"

"Hakuna halafu."

Akangoja. Alikuwa anangoja nimalizie, apige paja lake kama kawaida. Mimi nimemchekesha huyu mtu mpaka hospitali, bandeji bado mbichi. Sasa leo naongea ukweli, unasikika kama mwanzo wa kichekesho!

Nikamweleza habari ya Punda. Nikamweleza habari ya grenda. Uso ukabadilika, lakini si upande nilioutaka. Akauliza mmekaa kikao lini? Nani kasema kilema asiteremke mlima — mke, mama, au nyote? Nikamwapia kwamba hakuna kikao. Akasema, "Nionyeshe huo ufa."

Siwezi kumwonyesha. Uko chini ya puti, kama upo. Na juu ya puti kuna madoa ya twiga, yale mdogo wangu aliyachora kwa brashi ndogo, doa moja baada ya jingine, mumewe kamshikia kopo. Kila doa wamelipigania. Hili liwe kubwa, hili dogo. Sijawahi kuona watu wakigombana kwa raha vile.

"Ukitaka kuyakwangua hayo," akasema, "anza kunikwangua mimi." Kesho anateremka. Na mkewe anakaa nyuma.

Nikamwangalia mdogo wangu. Akasema taratibu, "Mume wangu akienda, naenda." Kisha akaingia ndani.

Jumapili, 8 Juni

Naandika hapahapa uwanjani, daftari juu ya goti, kalamu inanuka mafuta ya taa.

Siku nyingine ningekuwa nimelewa furaha. Kinyozi kaja na pikipiki yenye kiti chake cha kunyolea, chenye kuzunguka, na vioo pande zote. Fundi bomba kaunga beseni la kuogea ubavuni, mkewe kakaa ndani na mwavuli, anapunga kama malkia. Kuna nyingine ndefu kwenda juu, dereva anapanda kwa ngazi, akishapanda hana namna ya kushuka mpaka aitwe mtu! Weldi za mbuzi kila upande. Zimevimba, mbaya, nzima.

Nilifika kabla ya wote nikakaa penye kona ya mteremko, hapa ukingoni mwa uwanja. Nilikuwa nimepanga kulala katikati ya barabara, wanikanyage wenyewe. Huo ndio mpango wa mtu aliyetembea dunia.

Halafu nikasikia Twiga. Hakupita. Kasimama mbele yangu, shemeji kateremka na mkongojo wake, mdogo wangu kamshikia usukani. Kavaa gauni jipya, kalishona mwenyewe, lina madoadoa.

"Shem," kasema, "jana hukuchekesha mpaka mwisho."

"Sikuchekesha."

"Hilo ndilo lililoninyima usingizi." Kanionyesha shingo kwa mkongojo. "Kwangua. Lakini tukubaliane. Ukikuta nzima, usiniangalie tena kama yai. Ukikuta ufa, utakwenda pale kwenye kipaza sauti, useme kwa mdomo wako kwamba weldi yako ni mbovu. Weldi. Si mguu. Sitaki watu waende nyumbani wakisema kilema kauogopa mlima."

Kipaza sauti! Mbele ya kinyozi. Mbele ya fundi bomba, ambaye mwezi uliopita nilimuuliza kama weldi zake anachomelea amefumba macho. Nikasema sawa.

Nimekwangua. Doa la kwanza ndilo gumu, mdogo wangu kageuza uso. Rangi, halafu puti, halafu chuma. Chuma kinang'aa! Safi, laini, hakuna kitu. Shemeji kauliza, sasa? Lakini kwa macho ufa mchanga hauonekani, hasa kwenye chuma kilichopita kwenye grenda langu. Kwa hiyo nimepaka mafuta ya taa, nimeyaacha yanywewe, nimefuta mpaka pamekauka kabisa, nimesugua chaki juu. Kama kuna ufa, mafuta uliyoyameza utayatapika taratibu, na chaki itachora mstari. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunafanya melini. Hakuna la kufanya zaidi ya kungoja.

Tunangoja. Chaki nyeupe.

Shemeji kakaa kwenye jiwe, helmeti mapajani. Anaizungushazungusha. Mdogo wangu anapepea pale kwa kitambaa chake, nimemwambia acha, utaharibu. Nimemwambia kwa ukali. Kaacha.

Bado nyeupe.

Wameanza kujipanga. Zinanguruma zote. Mtangazaji anaita: "Twiga! Twiga aje mbele!" Nimempungia mkono kwamba subiri. Anaita tena.

Nyeupe. Upande wa chini naona kama kivuli. Nimesogeza kidole. Sijui kama kilikuwa kivuli cha kidole.

Sasa mtangazaji kasema hivi, kwa ile sauti yake ya mazishi: "Ndugu zangu, dereva wa Twiga mnaijua hali yake. Tusimlaumu. Kama mlima umemshinda, kufika kwake tu ni ushujaa. Tumpigie makofi ya upendo!"

Wanapiga. Uwanja mzima unapiga. Yale makofi ya taratibu anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi.

Shemeji haangalii mtu. Anavaa helmeti. Mkanda haufungi, anaurudia. Mdogo wangu keshakunja gauni, anataka kupanda, ananiangalia mimi na si chaki.

Nimesimama. Naandika nimesimama. Kutoka hapa mpaka kwenye kipaza sauti cha mtangazaji si mbali, ila njiani nampita fundi bomba, na ameshaanza kutabasamu.

Nimemwambia shemeji, vua hiyo, kaa.

Kauliza, "Imeonyesha?"

"Bado."

"Sasa unakwenda wapi?"