Kabati Lililokuwa Kati ya Vitanda Vyetu

Mpendwa Bi Rukia, mama yangu wa wodini,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema nawe bila kukuamkia.

Nilipotolewa chumba cha upasuaji nikaletwa wodini, kidole tumbo kimekatwa na tumbo limeshonwa, wewe ulikuwa tayari kitanda cha jirani. Uliteleza kwenye ngazi za nyumbani kwenu Mji wa Kale, nyonga ikavunjika, ukatiwa chuma. Mume wangu alikuwa zamu bandarini na jamaa zangu wote wako bara, kwa hiyo saa ya kutazama wagonjwa kitanda changu kilikuwa kitupu. Chako kilijaa watu mpaka wengine wakasimama.

"Mbona wangalia dari?" uliniuliza, ukaniita kwa lahaja ya Mji wa Kale. "Ndoo ule."

"Siwezi kuinuka, Mama."

"Basi chakula kitakuja."

Ukamwambia binti yako, Salma, asogeze lile kabati dogo la chuma lililokuwa kati yetu. Akaweka bakuli la uji juu yake, na siku zilizofuata, nilipoweza kula, mkate wa mofa na samaki. Tangu hapo likawa meza yetu. Miwani yako ilikaa hapo, simu yangu pia, na gilasi ya maji tuliyonywea sote. Maumivu yakinizidi ulinyosha mkono juu ya kabati ukanishika, ukanisimulia harusi za Mji wa Kale za zamani, mpaka nikasahau kulia.

Kila asubuhi mama wa usafi alipita na ndoo, akapangusa kabati letu kwa kitambaa kile kile alichopangusia makabati ya wengine. Simlaumu, alipewa ndoo moja kwa wodi nzima. Wewe ulimwombea dua kila alipopita. Mimi niliipenda ile harufu ya dawa. Niliona tuko mahali safi.

Kisha mshono wangu ukaanza kutoa maji. Baadaye na wako. Tulichomwa sindano, zikabadilishwa, zikabadilishwa tena, na homa haikushuka. Ndipo wakaja watu wa maabara na vijiti vya pamba, wakapangusa vyuma vya vitanda, bomba la sinki, na kabati letu.

Majibu yalipotoka, daktari alivuta kiti akakaa katikati yetu. Alisema bakteria waliokuwa kwenye vidonda vyetu ndio hao hao waliopatikana juu ya kabati, na dawa nyingi za kawaida haziwawezi tena. Wanaweza kukaa muda mrefu juu ya chuma kikavu. Mkono ukigusa pale, kisha ukagusa kidonda, wamehama.

"Walianza kwa nani, daktari?" ulimuuliza.

"Siwezi kujua, Mama. Huenda walikuwapo kabla yenu nyote wawili."

"Basi afadhali," ulisema, ukanigeukia. "Umesikia, mwanangu? Si wewe."

Nilisikia. Mpaka leo kuna siku nashindwa kuliamini neno hilo.

Jioni ile ile walikuhamishia chumba cha peke yako mwisho wa ujia. Dawa ya mwisho waliyokuwa nayo ilinikubali. Wewe figo zako hazikuistahimili.

Siku niliyoruhusiwa kwenda nyumbani Tononoka, nilikuja kukuaga. Ulikuwa umelala ubavu, umepungua sana. Uliponiona ulinyosha mkono.

"Ndoo," ulisema. "Kaa hapa."

Muuguzi akatikisa kichwa. Akaniambia kwa upole kwamba kidonda changu hakijafunga, na kwamba nikigusa kitu mle ndani naweza kuugua upya au kumpelekea mwingine. Alikuwa sawa. Nikabaki mlangoni, mikono nimeikunja kifuani, nikakuambia nitarudi nikipona. Hukupata nafasi ya kuningoja. Salma alinipigia simu umeshazikwa.

Siku hizi majirani wa mitaa ya karibu, Majengo na Bondeni, wananiona nina maringo. Nikienda kumtazama mgonjwa hospitalini sikai kitandani pake, siweki mkoba wangu popote, na nanawa nikiingia na nikitoka. Nikiwaeleza sababu, wengine hucheka, wengine huenda kunawa. Lakini namkumbuka aliyenilisha nilipokuwa sina mtu, na inaniuma kwamba mapenzi yale na maradhi yale yalipita juu ya chuma kimoja. Laiti tungejua mapema. Laiti pangekuwa na vitambaa vya kutosha, na mtu wa kutuambia tusile pale.

Jana nilikwenda kwenu kumpa Salma pole. Nilikawia sana kwa kuwa nilimwogopa. Alinikaribisha ndani, akaniuliza kama nilikuona mwishoni. Nikamweleza yote: mkono wako, muuguzi, na mimi niliyebaki mlangoni.

"Alinambia," Salma alisema. "Alisema yule mtoto wa bara alisimama mlangoni mpaka yeye Mama akapitiwa na usingizi."

Ni kweli, Mama, nilisimama. Hata leo wangenikataza, ningetii. Lakini ulisema nikae, na mimi nilitaka kukaa.

Mungu akulaze pema. Nakuaga sasa kama nilivyotaka kukuaga siku ile, mkono wangu ndani ya wako.

Mwanao wa kitanda cha jirani